Kisanduku cha Maneno Mia Mbili

Fomu ya chuo ilikuwa na visanduku kumi na tisa. Anifa alivijaza kumi na nane kwa dakika ishirini, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Cha kumi na tisa kilimshinda wiki nzima.

Kilisema hivi: kama masomo yako yaliwahi kukatika, au kama uliwahi kurudia mtihani, eleza sababu kwa maneno yasiyozidi mia mbili, maelezo yathibitishwe na mzazi na yagongwe muhuri wa serikali ya mtaa. Mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Leo ilikuwa Jumanne, na upepo wa Julai ulikuwa unapeperusha maganda ya vitunguu pale uani kwao Mwankoko, Singida, na kuyatupa mpaka ndani ya chai.

"Andika malaria," alisema baba yake, Mselemu, akifunika kikombe kwa kiganja.

"Malaria ya mwaka mmoja na nusu, baba?"

"Kuna malaria sugu."

"Ya mwaka mmoja na nusu si sugu tena, hiyo ni marehemu," alisema Sijaona, mkewe, bila kuinua macho kwenye vitunguu alivyokuwa anachambua. "Halafu mbu wenyewe wa huku wako wapi? Upepo huu umeshawafikisha Dodoma."

Anifa alicheka. Mselemu hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu, mtu mrefu mwenye kofia safi, na jambo lolote lililohitaji karatasi lilimfanya aongee kwa ukali.

Ukweli ulikuwa mfupi na wote watatu waliujua. Anifa aliondolewa shule katikati ya Kidato cha Tatu akapelekwa sokoni kusoma mizani ya baba yake. Aliambiwa ni msimu mmoja. Ikawa miwili. Aliporudi darasani wenzake walikuwa wamemaliza, akafanya mtihani wa Kidato cha Nne kwa kubahatisha, akaambulia daraja la nne la mkiani na F ya Hesabu. Msichana aliyejumlisha uzito wa magunia mia tatu kwa kichwa alipata F ya Hesabu, kwa sababu mtihani haukuuliza magunia. Uliuliza duara na pembe zake, na duara lilifundishwa wakati yeye yuko juani, kalamu sikioni. Baadaye alirudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma Kemia juu ya magunia, akafaulu. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili na alitaka kusomea famasia.

"Niandike kilichotokea," alisema Anifa. "Maneno mia mbili yanatosha, yanabaki."

"Uandike kwamba baba yako alikutoa shule?"

"Si alinitoa?"

Mselemu alisimama, akaitikisa kanzu yake maganda yakaruka. "Kesho asubuhi tunakwenda kwa Nasri. Yeye ana barua za namna hiyo, zimeshatungwa."

*

Nasri alikuwa na steshenari karibu na stendi, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa na tangazo la picha za pasipoti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano aliyekwisha kuwaandikia watu wa Singida shida zao nyingi kiasi kwamba alizipanga kwa mafungu.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Tunataka barua ya maelezo ya chuo."

"Ninazo tatu," alisema Nasri, akifungua kompyuta. "Kuna Msiba, kuna Ukata, kuna Ugonjwa. Msiba ndiyo inayotoka sana."

"Anakuwa amekufa nani?"

"Yeyote, mzee. Wengi wanamuua baba."

"Mimi si niko hapa nimesimama?"

"Ndiyo maana nauliza kabla sijaandika."

Sijaona alijifunika mdomo kwa mtandio. Mselemu akamtazama, kisha akamrudia Nasri. "Ukata unasemaje?"

"Kwamba nyumbani mlikuwa mnalala njaa."

"Nani alilala njaa? Mimi nashusha vitunguu Dar es Salaam. Futa."

"Sijaandika bado, mzee. Basi imebaki Ugonjwa. Aliugua dada mwenyewe?"

Anifa alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Aliyejibu ni mama yake.

"Yeye hawezi kuugua. Anaomba kusomea dawa, watasema huyu anakuja kuzinywa. Na huyu mzee naye hawezi, akiulizwa dalili atagombana. Niandike mimi. Mgongo."

"Mgongo ni mzuri sana, mama," alisema Nasri kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Hauonekani na haupimiki."

Akaandika. Vidole vyake vilikimbia, na kwa dakika tano Sijaona, mwanamke aliyeweza kunyanyua gunia la kilo hamsini huku akipiga soga, alilala kitandani miezi kumi na saba bila kuweza kugeuka, akilishwa uji kwa kijiko na binti yake wa pekee. Nasri alipoisoma kwa sauti, Sijaona mwenyewe alijihurumia.

"Maskini mimi," alisema.

"Baba," alisema Anifa, "mimi sitaweka jina langu hapo."

"Utaliweka. Au unataka ukae nyumbani?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na lilimwingia. Aliichukua karatasi akaikunja mara mbili, akampa baba yake bila kumtazama. Muhuri akautafute yeye.

*

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa Mzee Simeoni, mwalimu mstaafu. Kulikuwa na benchi nje ya ofisi yake, na siku ile lilikuwa na watu sita. Simeoni hakugonga muhuri wowote bila kuisoma karatasi kwa sauti. Aliwahi kuletewa hati ya kiwanja akaigonga kwa haraka, kumbe kiwanja chenyewe ni cha dada yake. Tangu hapo kila shida ya mtaa ilisomwa mbele ya benchi zima.

Sijaona alikuwa amejifunga kanga mbili kiunoni na alikuwa anachechemea, mguu wa kushoto wakati wa kuingia na wa kulia alipokaribia meza. Mselemu alimfuata nyuma kama mtu anayesindikiza yai.

"...hali iliyomlazimu mwombaji kukatiza masomo ili kumuuguza mama yake mzazi," alisoma Simeoni, "ambaye kuanzia mwezi Julai mwaka huo alikuwa hoi kitandani." Akainua miwani. "Mselemu."

"Naam, Mwenyekiti."

"Septemba ya mwaka huo bado alikuwa hoi?"

"Hoi kabisa."

"Sherehe ya sendofu ya binti yangu Peniel ilikuwa lini?"

Mselemu alimtupia mkewe jicho. Mtaani kwao, familia ya Kikristo ikiwa na shughuli, mnyama huchinjwa na Muislamu na sufuria kubwa husimamiwa na Muislamu, ili jirani yeyote asirudi kwake na njaa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja. Na kwa Mzee Simeoni, walioitwa miaka yote walikuwa ni hawa hawa.

"Ng'ombe ulimchinja wewe," alisema Simeoni taratibu, kama anayesahihisha daftari. "Pilau ya kilo sitini aliigeuza huyu mgonjwa, na mwiko wenyewe mrefu kunizidi mimi. Vitunguu nilinunua kwako, na aliyenisomea mizani ni binti yako. Familia nzima mlikuwa jikoni kwangu. Sasa nani alikuwa anamlisha nani uji?"

Benchi lilianza kutikisika. Mama mmoja muuza mchicha, Leah, hakuweza kuvumilia. "Mama Anifa, ni mgongo huo huo uliocheza mduara mpaka turubai likataka kuanguka, au una mwingine?"

"Ni huo huo," alisema Sijaona, na kicheko kikamtoka, akaacha kuchechemea, akakaa benchini pamoja na wanaomcheka. "Jamani, nisogezeeni. Nimechoka kuumwa."

Mselemu peke yake alibaki wima. Masikio yake yalikuwa yanawaka. Kucheka kwa watu wale hakukuwa na ubaya, lakini kulimwangukia kama maji machafu, kwa sababu alijua kilichokuwa chini ya uongo ule na hakutaka kifukuliwe.

Simeoni aliiona sura yake. Akatoka naye nje, upande wa ukuta usio na upepo.

"Unaogopa kuitwa kituoni."

"Kumtoa mtoto shule ni kosa, Mwenyekiti. Nikiliandika mwenyewe si najipeleka?"

"Ni kosa," alisema Simeoni. "Na mimi nilimkuta binti yako sokoni siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, amevaa sketi ya shule. Mimi, mwalimu. Nikamwambia anipimie, akanipimia kwa haki, nikafurahi, nikaondoka na vitunguu vyangu. Kama ni kuitwa, tutaitwa wawili. Nenda kaandike kilichotokea. Nitagonga."

*

Alhamisi mtu na mkewe walisemeshana kwa mambo ya chumvi na maji tu. Anifa alichambua vitunguu, vikubwa huku, vidogo huku, vilivyooza kando. Adhuhuri ilipopita, Mselemu alikuja akaketi kwenye gunia mkabala naye.

"Nikikuruhusu uandike," alisema, "utaandikaje?"

"Kwamba nilikuwa karani wako."

"Watauliza kwa nini sikuajiri karani mtu mzima."

"Nitasema ulimwajiri, akakuibia."

"Aliniibia vipi?"

"Gunia likiwa na kilo tisini na nane anaandika themanini na tisa. Tofauti wanagawana yeye na mnunuzi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Anifa aliacha kuchambua.

"Sema," alisema Mselemu. "Fomu itauliza. Mimi mwenye mali nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapo hapo, baba."

"Nilikuwa hapo hapo. Nimesimama pembeni yake, namtazama anavyoandika, na kila gunia natingisha kichwa kukubali. Magunia arobaini nimetingisha kichwa. Watu wanapita, wanaona tajiri anakagua."

Upepo ulibeba maganda ukayarundika miguuni mwao. Zamani Mselemu hakuhitaji kusoma chochote. Vitunguu viliuzwa kwa lumbesa, gunia linajazwa mpaka mdomoni kisha linavikwa kilemba cha wavu juu yake, na kilichopima ni jicho. Hakukuwa na jicho kama lake kutoka Ihanja mpaka mjini. Akitazama gunia, anataja kilo; likipimwa, anapungukiwa au kuzidi moja. Kisha mizani ikasimamiwa kweli, wanunuzi wakataka orodha iliyoandikwa, na jicho lile likakosa bei kwa siku moja. Noti alizijua, na namba za simu alizijua kwa mpangilio wake. Lakini tarakimu za kwenye kioo cha mizani, zinawaka, zinahama, zina nukta katikati, zilimfanya ajisikie mjinga mbele ya wapagazi wake.

"Mimi sioni aibu ya ile F," alisema Anifa. "Nimeshaizoea, tunasalimiana. Aibu naiona nikiandika kwamba kazi niliyoifanya sikuifanya. Nilikuwa karani mzuri, baba. Misimu ile miwili hakuna aliyekuibia."

"Hakuna."

"Basi kwa nini iwe siri?"

Mselemu aliinama. Alichukua kitunguu kutoka fungu la vikubwa, akakigeuza, akakitupa kwenye vilivyooza. Anifa alikitazama, akakibonyeza. Kweli kilikuwa kimeanza kulainika ndani.

*

Ijumaa saa nne asubuhi steshenari ya Nasri ilikuwa imejaa mpaka barazani, maana waombaji wa vyuo vyote walikuwa wamekumbuka siku moja. Mselemu alipanga foleni na binti yake. Zamu yao ilipofika, Nasri alishusha sauti.

"Mzee, nimesikia mgongo umegoma. Tufunge mlango?"

"Acha wazi," alisema Mselemu. "Anifa sehemu yake ameshaandika. Hii ni ya mzazi. Ninasema, wewe unaandika."

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na akaanza kusema kwa sauti ile ile anayouzia vitunguu. Nasri aliandika. Baada ya muda Mselemu alinyanyua kidole.

"Nisomee."

"Mwombaji alikatiza masomo kutokana na changamoto mbalimbali za kifamilia..."

"Sikusema changamoto. Nilisema vitunguu."

"Ni lugha ya kiofisi, mzee wangu."

"Ofisini kwao hawali vitunguu? Andika vitunguu."

Foleni ilicheka, na safari hii Mselemu alicheka nayo kidogo, akaendelea. Alipofika mahali fulani aliteremsha sauti, kisha, kama mtu aliyejikasirikia, akaipandisha kuliko mwanzo. Baraza zima likasogea kumsikiliza. Karatasi iliyotoka kwenye printa ilikuwa hivi:

*Mimi Mselemu, baba wa Anifa, nathibitisha. Nilimtoa shule mimi. Hakuugua mtu na hakufa mtu. Sijui kusoma. Mizani ilipokuja karani aliniibia mbele ya macho yangu, na mtu niliyemwamini anisomee namba alikuwa mtoto wangu tu. Nilisema msimu mmoja, nikaona raha, nikaongeza. Alipofeli, aliyefeli ni mimi. Aliporudia mtihani sikumsaidia kitu, hata taa ya kusomea alinunua mwenyewe. Kama kuna kosa niulizwe mimi, namba yangu ya simu ni hiyo hapo chini.*

"Weka na dole gumba," alisema Mselemu. "Wino unao?"

Nasri alikuwa nao. Alimpa pia kitambaa cha kufutia, na alipoulizwa bei alisema hii hana kwenye mafungu yake, kwa hiyo hana bei yake. Saa sita Simeoni aliisoma mbele ya benchi kwa sauti moja bila kusita, akaigonga. Kisha akachukua kalamu na chini ya muhuri akaongeza kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Nilijua, na nilinyamaza.* Saa tisa na dakika kumi Anifa aliipiga picha akaituma.

*

Simu ilikuja baada ya siku kumi na mbili, asubuhi, wakati wote watatu wako uani. Namba ilikuwa ngeni. Mselemu akapokea, Anifa akabonyeza kipaza sauti.

"Naongea na Mzee Mselemu? Mimi naitwa Klara, nipo ofisi ya udahili chuoni. Shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nina karatasi yako hapa. Uliandika wewe?"

"Nilisema mimi, akaandika kijana. Dole ni langu."

"Mzee, mezani kwangu zipo barua mia nne. Kwa hesabu yangu mwaka huu wazazi sitini wamekufa, na wengine nimewapigia wakapokea." Sijaona alijifunika mdomo. "Ya kwako nimewasomea wenzangu. Kuhusu matokeo ya binti hatuna shida, Kemia yake ni nzuri. Tuna swali moja tu, na ni lako wewe."

"Uliza."

"Chuo kinafunguliwa Oktoba. Vitunguu vyenu vinaisha lini?"

"Novemba," alisema Mselemu.

"Ndiyo. Sasa Oktoba magunia yatakuwa yamejaa sokoni, mizani ipo, na wewe umesema mwenyewe mtu unayemwamini ni mmoja. Tunaogopa kumpa nafasi akakaa wiki tatu, ukamwita. Nafasi yenyewe kuna mwingine anaililia. Nani atakusomea namba?"

Anifa aliangalia chini. Alikuwa amejiuliza swali hilo kila siku tangu Ijumaa ile, na hakuwa na ujasiri wa kumuuliza baba yake, kwa sababu jibu lisilo zuri lingemvunja kuliko F yoyote. Sijaona alianza kusema kitu. Mselemu akamzuia kwa mkono.

"Nitaajiri karani," alisema.

"Yule wa kwanza si alikuibia?"

"Na huyu ataniibia."

"Samahani, mzee?"

"Nitaibiwa, mama. Nimeshafikiri usiku na mchana, sioni njia nyingine. Jioni nimeanza kwenda kwa yule kijana aliyeandika, ananifundisha namba, lakini kichwa changu kigumu, mpaka Oktoba nitakuwa nimefika wapi? Themanini na tisa na tisini na nane bado zinanichanganya. Kwa hiyo msimu huu nitaibiwa. Labda magunia ishirini, labda thelathini. Nimeshayatoa moyoni. Wayachukue. Huyu simwiti."

Kwenye simu kulisikika mtu akihema, kisha kicheko kidogo, kisha karatasi zikigeuzwa.

"Majibu rasmi yanatoka Jumatatu na mimi siruhusiwi kuyasema leo," alisema Klara. "Ila nakushauri, mzee, mnunulie godoro mapema. Mwezi wa tisa bei zinapanda."

Simu ikakatika. Anifa alikuwa amekaa chini, juu ya maganda, bila kujua amekaa saa ngapi. Sijaona akamshika bega baba mtu.

"Wamesemaje? Mimi nilikuwa nalia, sikusikia mwisho."

"Wamesema godoro," alisema Mselemu. Alivaa kofia yake, akatafuta viatu, akakuta kimoja. "Inuka, Anifa, twende dukani sasa hivi kabla ya adhuhuri. Na huyo mama naye, kwa nini hakusema inchi ngapi?"